Sura ya Nne: Jumapili Katika Nyumba ya Mkristo

Jumapili ya Mkristo wa Tanzania huanza Jumamosi alasiri, kwenye beseni la nguo. Sare za shule zinaweza kungoja. Zinazotangulia kufuliwa ni gauni, suruali na mashati ya kanisani, ili yakauke kabla jua halijazama. Jioni pasi ya mkaa hupulizwa kibarazani, au ya umeme huchomekwa kama LUKU bado ina uniti, na viatu hupangwa mstari mmoja kusubiri kiwi. Wasichana hukaa mkekani wakisukwa, mmoja baada ya mwingine, na anayelialia huwachelewesha wenzake. Hela ya sadaka ya kila mtoto hutengwa mapema, kwa sababu asubuhi duka la jirani halina chenji. Kama kuna jogoo wa kuchinjwa, hukamatwa usiku akiwa bandani, maana kumkimbiza asubuhi ni njia ya uhakika ya kuikosa ibada ya kwanza.

Sehemu kubwa ya kazi hii iko mikononi mwa mama wa nyumba, binti zake na dada wa kazi. Historia za Kanisa huwataja maaskofu, wamisionari na miaka ya kujengwa kwa makanisa. Juu ya pasi hazisemi neno. Hata hivyo, mtoto huanza kujua kwamba kesho ni siku tofauti na nyingine kwa harufu ya kiwi na mafuta ya nazi, muda mrefu kabla hajaweza kufuata mahubiri. Ndiyo maana sura hii inaanzia nyumbani, inapitia kanisani, kisha inarudi mezani.

Siku yenyewe ni ya kale kuliko makanisa yote yanayoiadhimisha leo. Justino Mfiadini, aliyeandika mjini Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku hiyo kusoma maandiko, kushiriki mkate na divai, na kuchanga kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Haikuwa siku ya mapumziko wakati huo. Aliyekuwa mtumwa alirudi kazini. Mwaka 321 ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakama na kazi za mijini zisimame Jumapili. Wakulima aliwaacha waendelee na mashamba yao, wasije wakapoteza msimu mzuri wa kupanda, na mkulima yeyote aliyeona mvua ya kwanza ikinyesha Jumamosi usiku anamwelewa Kaisari huyo bila kufafanuliwa.

Katika Afrika Mashariki siku hii ilifika kwa njia nyingi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kufungua kituo Rabai miaka miwili baadaye. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliweka makao Zanzibar mwaka 1864, na mapadri wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kilimanjaro ilipata misheni ya Kikatoliki Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafuata mwaka 1893. Waadventista Wasabato walianza kazi milimani Upare mwaka 1903, na kwa hiyo katika nyumba zao, Upare kama vile mkoani Mara, beseni, pasi na kiwi hutangulia kwa siku moja. Ijumaa ni siku ya maandalio, na jua likishatua kazi zote huwa zimekwisha hadi jua la Jumamosi litakapotua. Yaliyo mengi katika sura hii yanawahusu na wao, ila kalenda yao iko mbele.

Asubuhi ya siku yenyewe chai hunywewa kwa haraka, kwa maandazi ya jana au bila kitafunwa kabisa. Katika parokia na sharika za mjini ibada ni mbili au zaidi, na kila familia ina yake. Ibada ya kwanza ni ya wenye shughuli na wazee waamkao alfajiri. Ya pili ni ya wenye watoto wadogo, na huwa na kelele zaidi. Misa ya Kikatoliki huweza kumalizika ndani ya saa moja na nusu. Kwa Wapentekoste mtu asipange jambo lolote kabla ya saa nane mchana. Barabarani salamu hubadilika: Mlutheri na Mpentekoste humwambia mwenzake "Bwana asifiwe" akajibiwa "Amina", Mkatoliki huanza na "Tumsifu Yesu Kristo", na majirani wa miaka mingi hujua ni ipi ya kumpa nani.

Watoto mara nyingi huwa na ibada yao. Shule ya Jumapili, inayohusishwa na Robert Raikes wa Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, ilianzishwa ili watoto waliofanya kazi siku nyingine zote wapate kusoma na kuandika. Afrika Mashariki ya leo kusoma kumeachiwa shule ya kawaida, na Jumapili imebaki na nyimbo, hadithi na mstari wa kukariri. Wakatoliki wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo watoto wake huonekana wazi kwenye maandamano kwa skafu zao shingoni. Mwalimu wa watoto hawa kwa kawaida ni kijana asiyelipwa, na sauti yake ikifika adhuhuri huwa imekauka.

Sehemu ya ibada inayosikilizwa kwa makini kuliko mahubiri, ingawa hakuna mchungaji atakayependa kuambiwa hivyo, ni matangazo. Hapo hujulikana nani anamwoa nani, na kama kuna mwenye pingamizi aseme. Wagonjwa hutajwa kwa majina na wodi walizolazwa. Wageni huombwa wasimame, waseme walikotoka na salamu walizotumwa, na wakati mwingine mgeni mmoja humaliza dakika kumi. Baada ya hapo huja michango: paa la kanisa, nyumba ya mtumishi, basi la kwaya, safari ya akina mama. Malalamiko kwamba michango imezidi ni ya haki katika sharika nyingi, hasa pale anayechelewa kutimiza ahadi anaposomwa jina mbele ya watu. Lakini ikumbukwe pia kwamba zahanati na shule nyingi za Kanisa zilijengwa kwa utaratibu huohuo, mawe yakibebwa na wanawake kichwani baada ya ibada.

Kwaya

Kwa vijana wengi, na kwa watu wazima wasiokiri, sababu ya kwanza ya kwenda kanisani ni kwaya. Mazoezi hufanyika jioni mara mbili tatu kwa wiki, chini ya mwembe au ndani ya kanisa tupu, na mwalimu wa kwaya huandika wimbo ubaoni kwa herufi za do, re, mi. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza katika karne ya 19, kwa nia ya kuwafundisha watu wa kawaida kuimba bila kusoma nota za mistari mitano. Kwao umesahaulika kwa sehemu kubwa, lakini katika Afrika Mashariki bado ndio njia ambayo fundi seremala, muuguzi na mwanafunzi wa sekondari hujifunza wimbo wa sauti nne katika jioni mbili.

Nyimbo za vitabuni zilikuwa za Kijerumani na Kiingereza zilizovishwa maneno ya Kiswahili, na nyingine maneno hayo yalizibana. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1960. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake ya liturujia Desemba 1963, na Misa ikaanza kusaliwa kwa Kiswahili, ngoma na kayamba vikaingia mahali ambapo hapo awali paliruhusiwa kinanda peke yake. Kwa Walutheri, mmisionari Howard Olson alikusanya nyimbo zilizotungwa kwa mahadhi ya makabila ya Tanzania na kuzitoa kitabuni chini ya jina Tumshangilie Mungu. Wazee wa wakati huo hawakufurahi wote. Baadhi yao walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba ngoma ni mambo ya kale yaliyoachwa, na sasa waliambiwa waipige altareni.

Kisha ikaja kaseti. Kwaya kama AIC Chang'ombe ya Dar es Salaam, AIC Makongoro ya Mwanza na ile ya Mtakatifu Kizito wa Makuburi zilisikika kwenye mabasi, saluni na migahawa mbali na makanisa yao, hadi Kenya na Kongo, na mtu aliweza kujua wimbo wote kwa moyo bila kujua waimbaji ni wa dhehebu gani. Huenda hakuna jambo lililowaleta karibu Wakristo wa madhehebu mbalimbali kuliko redio ya basi la mkoani. Siku hizi uzinduzi wa albamu ni shughuli kamili, yenye sare mpya ya kitenge, mgeni rasmi ambaye mara nyingi ni mwanasiasa, na ahadi za fedha zinazopigiwa makofi kabla hazijatolewa.

Mwanakwaya hulipa kwa muda wake. Hukosa usingizi wa jioni, hununua sare kwa fedha yake, huimba kwenye misiba ya watu asiowajua. Anachopata ni ndugu wa pili: kwaya humzika mzazi wake, humchangia harusi, humtafutia kazi, na si mara chache humtafutia mchumba.

Mnada

Katika sharika za Kilutheri, hasa vijijini, ibada haiishii kwenye baraka. Waumini hutoka wakiimba, wakipeana mikono, na kujipanga duara uwanjani. Baada ya sala fupi, vitu vilivyotolewa sadaka huletwa katikati: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai kwenye kibakuli, chupa ya maziwa, viazi, miwa, maparachichi, debe la mahindi. Mzee wa kanisa mwenye ulimi mwepesi huchukua jogoo, humwinua, na mnada huanza.

Maana ya mnada ni rahisi. Fedha taslimu vijijini huja kwa msimu, lakini kuku hutaga na ng'ombe hukamuliwa mwaka mzima. Asiye na shilingi mfukoni analeta alichonacho, na kanisa linapata fedha bila yeye kuaibika. Kilimanjaro jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Kahawa, ambayo wakulima wake waliunda chama cha kuiuza mwaka 1925 na kukigeuza kuwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, ilikuwa kwa kawaida mali ya mwanamume, na malipo yake yalitoka kwa jina lake. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Ndiye aliyevipeleka sokoni na ndiye aliyeamua matumizi yake. Mkungu uliofika uwanjani kwa kanisa ulikuwa sadaka yake mwenyewe, ambayo hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ili aitoe.

Bei za mnada hazifuati soko, na huo ndio utamu wake. Yai moja linaweza kuuzwa kwa bei ya trei, kwa sababu tu limeletwa na bibi wa miaka themanini na wajukuu zake wa mjini wapo wanashindana. Mtu hununua jogoo, kisha humrudisha auzwe tena, na jogoo yuleyule huweza kuzunguka mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kuishia kwa mchungaji, kwa mjane, au kwa mgeni ambaye hajui atampandishaje ndani ya gari. Watoto hupiga kelele za kupandisha bei ilhali hawana hata senti. Anayenadi humtaja mfanyabiashara kwa jina, humsifia shati lake, na mfanyabiashara hujikuta ameongeza elfu mbili.

Wapo wanaosema mnada ni maonyesho ya wenye nacho. Kwa sehemu ni kweli: anayetaka kuonekana ataonekana. Lakini ukilinganisha na orodha ya michango inayosomwa kwa majina, mnada una utu zaidi. Haumlazimishi mtu, hucheka na wote, na maskini huondoka ametoa.

Mezani

Nyumbani moto umeshawashwa. Chakula cha Jumapili huliwa kuanzia saa nane, na hicho ndicho kipimo cha wiki nzima. Pwani na mijini ni pilau au wali wa nazi na kuku, kwa kachumbari ya kutosha. Uchagani ni ndizi zilizopikwa na nyama, au mtori kwa aliyejifungua na mzee asiye na meno. Bukoba ndizi hupikwa na maharage au samaki. Mwanza sato hukaangwa mzima. Dodoma ugali wa mtama na mlenda una watu wake ambao hawaubadilishi na kitu. Nyama haikuwa ya kila siku katika nyumba nyingi, na bado si ya kila siku, hivyo kuku mmoja hugawanywa kwa kanuni. Firigisi ni ya baba. Paja ni la mgeni, kama yupo, na watoto humtazama mgeni huyo kwa hisia mchanganyiko. Miguu na shingo huliwa jikoni na waliopika, ambao hudai kwamba ndiko utamu uliko.

Soda ya chupa hugawanywa kwa bilauri, na usahihi wa mtoto wa miaka saba katika kupima kimo cha soda haujawahi kufikiwa na mzani wowote wa dukani. Sala ya chakula hupewa mdogo kuliko wote. Akiifupisha hupongezwa kimoyomoyo. Akianza kuwaombea wagonjwa wote waliotangazwa, kuna mtu atakohoa.

Furaha hizi ndogo zina nafasi yake katika mafundisho pia, ingawa mahubiri mengi huziruka. Kijana wa Kilutheri anayejiandaa kwa kipaimara hukariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Humo, Luther anapofafanua imani katika Mungu Muumba, hataji mambo ya mbinguni kwanza. Anataja mwili na viungo vyake, nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, shamba na mifugo. Anapofafanua ombi la riziki ya kila siku, anaongeza hali nzuri ya hewa, marafiki wema na majirani waaminifu. Mtoto aliyepigwa kiwi viatu vyake Jumamosi anaimba orodha hiyo darasani kwa kukariri, na huenda zikapita miaka kabla hajagundua kwamba ilikuwa inamhusu.

Baada ya chakula wakubwa hulala. Kuanzia saa kumi ni wakati wa kutembeleana: kwa mgonjwa aliyetajwa kanisani, kwa shangazi aliyenuna, kwa mama aliyejifungua. Mgeni hapigi simu lazima. Kubisha hodi kunatosha, na chai huongezwa maji. Haondoki mikono mitupu, hata kama ni parachichi mbili. Kumsindikiza hadi barabarani ni sehemu ya ziara yenyewe, na mazungumzo ya maana, yale yaliyomleta, mara nyingi huanzia hapo, wawili wakiwa wamesimama pembeni mwa njia na jua linazama.

Jumuiya

Kati ya Jumapili na Jumapili imani hukaa mtaani. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi yao ya kichungaji. Hoja ilikuwa ya wazi: parokia yenye maelfu ya watu na mapadri wachache haiwezi kumjua mtu kwa jina, lakini nyumba kumi au ishirini zinaweza. Walutheri, Waanglikana na wengine wana utaratibu unaofanana. Familia hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, mara nyingi alfajiri kabla watu hawajaenda kazini au Jumamosi asubuhi. Husomwa maandiko, kila mtu husema alichokielewa, na fundi baiskeli huweza kumsahihisha mwalimu mkuu.

Thamani ya jumuiya huonekana siku ya msiba. Kabla ndugu wa mbali hawajapata taarifa, wanajumuiya wamekwisha leta maturubai, viti, sufuria na kuni, wameteua mtunza daftari la rambirambi, na mtu mmoja amekaa na mjane asimwache peke yake. Kwa sababu hiyo jumuiya ina nguvu ya kubana pia. Asiyehudhuria anajua kwamba ubatizo wa mwanawe utaulizwa, ndoa yake itaulizwa, na mazishi yake yanaweza kuwa na watu wachache. Wengine huona huo ni ulazima usiofaa katika mambo ya roho. Waliowahi kufiwa mjini, mbali na kwao, kwa kawaida hawana malalamiko hayo.

Jambo moja la Tanzania halionekani katika vitabu vya mafundisho. Nyumba nyingi zina Wakristo na Waislamu chini ya paa moja, au angalau mjomba mmoja aliyeoa upande wa pili. Krismasi sahani za pilau huvuka uzio kwenda kwa majirani Waislamu, na Idd sahani hizo hurudi zimejaa. Mchinjaji wa kuku wa Jumapili mara nyingi ni jirani Mwislamu, ili kila atakayeketi mezani aweze kula.

Sherehe na gharama zake

Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, kipaimara na ndoa ni vituo ambavyo familia hupimia miaka. Mtoto hupata baba au mama wa ubatizo, uhusiano unaodumu maisha yote na kuwafanya wazazi wa pande mbili wawe ndugu. Kipaimara cha Kilutheri huja baada ya mafundisho ya miaka miwili, na siku yake wasichana huvaa gauni jeupe na wavulana suti, nyingi zikiwa za kuazima au za mitumba zilizokatwa upya na fundi cherehani.

Hapa ndipo furaha rahisi ilipopata maradhi. Kipaimara kilichokuwa kikimalizika kwa soda na wali nyumbani sasa kina ukumbi, mshereheshaji, keki ya ghorofa, kadi za mchango na kamati yenye mweka hazina. Mzazi asiye na uwezo hukopa ili mwanawe asionekane mnyonge mbele ya wenzake wa darasani. Maaskofu na wachungaji wamekemea mara nyingi, kisha huenda kwenye sherehe hizohizo na kuketi meza kuu. Hukumu ya haki ni kwamba lawama ni ya wote: mwenye sherehe anaogopa kusemwa, na wasemaji ndio wageni wake.

Krismasi ni kisa kingine. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya kwenda Kilimanjaro hujaa, nauli huwa gumzo, na barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze hadi Moshi hugeuka kuwa mkutano wa ukoo unaotembea. Mchagga anayeishi mjini anaweza kukosa mengi mwaka mzima, lakini kukosa Krismasi nyumbani kunahitaji maelezo. Kule juu kuna mbuzi wa kuchinjwa, mbege ya wazee, makaburi ya kufyeka kwenye kihamba, kesi za mipaka za kusuluhishwa, na watoto waliozaliwa mjini wa kuonyeshwa kwa bibi. Ubatizo na harusi nyingi hupangwa wiki hiyo kwa sababu ndipo ndugu wote wapo. Ibada ya mkesha hujaza kanisa hadi nje, na wachungaji wa vijijini hutumia nafasi hiyo kueleza hali ya paa.

Mambo yanayobadilika

Simu imeingia kanisani kwa njia mbili. Imekuwa Biblia na kitabu cha nyimbo mkononi mwa kijana, ingawa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, yenye jalada jeusi na majina ya ukoo yaliyoandikwa ndani, bado ndiyo inayobebwa kwapani na wazee wa Kiprotestanti. Pia imekuwa kikapu cha sadaka. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mtu aliye safarini hutuma zaka yake, na namba ya malipo hubandikwa ukutani karibu na mimbari. Watoto wa familia hizo hawana tena sarafu ya kushika njiani, jambo ambalo walimu wa shule ya Jumapili wamelitambua na baadhi ya wazazi wamelirekebisha kwa kutafuta chenji makusudi.

Badiliko kubwa zaidi ni la kazi. Mji hausimami Jumapili. Muuguzi yuko zamu, askari yuko lindo, kondakta wa daladala yuko mlangoni akiita abiria wanaokwenda kanisani, na mama lishe hupata wateja wake bora watu wanapotoka. Sharika za mijini zimeongeza ibada za Jumapili jioni na za katikati ya wiki kwa ajili yao, na wengi huzitumia.

Anayesahaulika yuko karibu zaidi. Dada wa kazi ndiye aliyefua Jumamosi, akapuliza mkaa wa pasi, akavisha watoto asubuhi, akabaki nyumbani na kuku jikoni ili familia ikirudi ikute meza tayari. Mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini kwa barua ya mchungaji au katekista wake, aliyekuwa mwanakwaya huko, na ambaye mjini hajawahi kuujua mlango wa kanisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa kila mfanyakazi, yeye akiwemo, saa 24 za mapumziko mfululizo kila wiki. Familia inayotaka kuitunza siku hii ianze kwa kumpa hizo saa, na pilau ipikwe na waliotoka ibada ya kwanza.